Kilo Nne za Fundi Mizani

Kwa miaka thelathini na moja fundi mizani aliishi kwa kutoamini mizani, na kutoamini huko kulimlisha vizuri. Kwa maoni ya daktari, kulimlisha kupita kiasi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka, chenye dirisha upande wa mashariki na meza ndefu iliyochubuka pembeni. Juu ya meza zilipangwa mizani za wachinjaji, za posta, za wauza nafaka na za maduka ya dawa, zote zikiwa zimefunguliwa matumbo. Katika kabati lenye kufuli alihifadhi kasha la mbao lililotandikwa kitambaa cha kijani, na ndani ya kasha hilo mawe yake ya majaribio, kuanzia kilo ishirini hadi gramu moja. Madogo hakuyashika kwa vidole vitupu, kwa kuwa jasho la kidole lina uzito, na uzito huo haumhusu mteja. Hakuwahi kuilegeza mizani kwa faida ya mtu yeyote. Wachinjaji wawili walikwisha kumwomba. Mmoja wao alikuwa binamu yake, na mpaka leo husalimiana naye kwa kichwa tu.

Kisukari kilikuwa na miaka miwili mwilini mwake wakati daktari wa kliniki, mtu wa maneno machache na mwandiko usiosomeka, alipomweleza hali yake kwa sentensi tatu. Sukari ilikuwa inapanda. Ikiendelea kupanda, macho yangekuwa ya kwanza kuharibika. Akipunguza kilo sita taratibu, akala kwa mpangilio, akatembea na kumeza vidonge asubuhi na jioni, palikuwa na kila sababu ya kutumaini kwamba macho yangebaki salama.

Fundi aliisikia sentensi ya pili kuliko nyingine. Kazi yake yote ilikuwa kusoma mistari myembamba kama unywele na kuamua iwapo sindano ya mizani imesimama juu ya mstari au kando yake. Mtu asiyeweza kuamua hilo anaweza kufanya kazi nyingine nyingi za heshima, lakini yeye hakujua hata moja.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kliniki na kasha lake la mawe.

“Baba, panda kwenye mizani,” alisema muuguzi.

“Mizani hii ilikaguliwa lini mara ya mwisho, Sista?”

“Sijui. Nilipoajiriwa niliikuta.”

“Na wewe uliajiriwa lini?”

“Mwaka wa tisa huu.”

“Basi hiyo siyo mizani. Ni samani.”

Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akapanga mawe yake, moja baada ya jingine, juu ya bamba la kukanyagia, huku foleni ikirefuka nyuma yake. Mama mmoja alimkumbusha kwa upole kwamba wenzake walikuwa wamefunga kula tangu jana yake kwa ajili ya kupimwa damu, na kwamba njaa haina adabu. Fundi aliinamia bamba. Alikuwa amegundua kwamba mizani ya kliniki ilisoma pungufu kwa gramu mia nne. Akaikaza mpaka ikasema kweli, kisha akapanda mwenyewe. Ilisoma tisini na tatu na nusu kasoro kidogo.

“Tisini na tatu nukta nne,” alisema muuguzi, akiinama juu ya kadi. “Baba, kabla hujaitengeneza ungepata tisini na tatu kamili. Umejiongezea mwenyewe.”

“Sikujiongezea. Nilikuwepo tangu mwanzo. Sasa toa uzito wa chombo.”

“Chombo gani?”

“Ukipima sukari ndani ya gunia, gunia hulihesabu. Toa viatu. Toa mkanda, funguo na hii bisibisi. Toa pia chakula cha jana.”

“Chakula cha jana kimeshakuwa wewe, baba.”

“Hilo halijathibitishwa.”

Muuguzi aliandika tisini na tatu nukta nne kwa wino mweusi, akaita anayefuata.

Mke wa fundi alikuwa karani wa mahakama. Kwa miaka ishirini na sita aliandika maneno ya watu walioapa kusema kweli, na kazi hiyo ilikuwa imempa subira kubwa na imani ndogo. Aliipokea kadi ya kliniki, akaisoma mbele na nyuma kama kielelezo cha kesi, na kuanzia jioni hiyo sahani za nyumba hiyo zikabadilika. Nusu ya sahani ilikuwa mboga za majani, robo wali au viazi, robo samaki au maharage. Soda ilifukuzwa. Chai ilibaki, ila bila sukari, na fundi aliinywa siku tatu za kwanza huku akitazama dirishani, kana kwamba chai hiyo ilikuwa imemkosea na yeye alikuwa mkubwa kiasi cha kutolitaja kosa hilo.

Siku ya nne alileta mizani ndogo ya duka la dawa, akaiweka mezani kati ya chumvi na jagi la maji.

“Hii inafanya nini hapa?” aliuliza mkewe.

“Umesema robo. Robo ni neno kubwa. Nataka kujua ni gramu ngapi.”

“Kula, baba watoto.”

“Samaki huyu ana mifupa. Mifupa ni chombo.”

“Mezani kwangu hapakaguliwi. Mizani itoke, au mtoke wote wawili mkale karakana.”

Mizani ilitoka. Jioni walitembea dakika arobaini, mke akiwa hatua mbili mbele, mume akiwa nyuma akimweleza kwamba mwendo wake haukuwa wa wastani na kwa hiyo matokeo yasingeaminika.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa amepungua gramu mia saba. Muuguzi alifurahi. Sukari ilikuwa imeshuka pia, na muuguzi aliifurahia zaidi sukari kuliko zile gramu, jambo ambalo fundi aliliona kuwa upungufu katika elimu ya uuguzi. Gramu aliziamini, kwa sababu alizipima kwa mizani aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake. Sukari ilisomwa na kimashine cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kilichogandishwa kwa gundi pande zote. Yeye mwenyewe alipewa cha namna hiyo akitumie nyumbani. Alikizungusha mara mbili akitafuta skrubu, akakosa, akakitia kwenye droo. Mashine isiyofunguka haikaguliki, na isiyokaguliwa, kwa kanuni aliyoishi nayo tangu ujana, haina la kumwambia mtu.

Hivyo alibaki akipima alichojua kupima, na gramu mia saba kwa mwezi aliziona kuwa dharau. Kwa mwendo huo kilo sita zingemchukua karibu miezi tisa. Jumamosi moja, akiwa karakana, alikunjua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti ya vidonge, akaiweka chini ya lenzi yake ya kazi, akaisoma kuanzia jina la kiwanda. Hakuna mtu mwingine kliniki pale aliyewahi kuisoma, pengine hata aliyeitunga. Katika mstari wa kumi na tisa paliandikwa kwamba baadhi ya watumiaji wa dawa hiyo huongezeka uzito.

Aliurudia mstari huo mara tatu. Ameambiwa apungue, na papo hapo amepewa kitu cha kumwongeza. Katika fani yake hali hiyo ina jina: kuna kitu kimelalia bamba. Ukikikuta hukilaumu, unakiondoa, kisha unapima upya.

Aliacha kidonge cha jioni. Baada ya wiki moja, kwa ajili ya usahihi wa jaribio, aliacha na cha asubuhi. Vyote alivitunza katika kopo la skrubu za shaba, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa mali, na kila asubuhi alikunywa maji mbele ya mkewe kwa ishara kamili ya mtu anayemeza kitu.

Matokeo yalimpa raha ambayo alikuwa hajaionja tangu alipopata leseni. Wiki ya kwanza ilimtoa kilo moja, na ya pili zaidi ya kilo. Alijipima asubuhi karakana, adhuhuri kwa mchinjaji, alasiri posta, na mizani zote tatu, zilizokaguliwa na yeye mwenyewe, zilikubaliana. Mkanda uliongezwa tundu. Mchinjaji alimwambia anaonekana kijana. Karani wa posta alimwomba siri yake, naye akamjibu kwamba siri ni kuheshimu vipimo.

Nyumbani jambo hilo lilipokelewa kwa hadhari.

“Umehamia chooni,” alisema mkewe. “Tukuletee na barua zako huko?”

“Ninakunywa maji. Daktari alisema ninywe maji.”

“Alisema unywe. Hakusema umalize kisima.”

Mama mkwe alikuja kukaa siku tatu. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mwenye macho yasiyohitaji lenzi, na kwa kuwa heshima haikumruhusu kuuzungumzia mwili wa mkwewe mbele yake, alizungumza na binti yake kwa sauti iliyokusudiwa chumba kizima.

“Mwanangu, siku hizi huyu bwana humpi chakula?”

“Anakula, mama. Ameambiwa apungue.”

“Ameambiwa apungue tumbo. Hiyo naona ni shingo.”

Fundi alimshukuru mama kwa kumjali, akajimiminia glasi ya nne ya maji.

“Na kisima kingine kinajazwa,” alisema bibi, akiendelea kumtazama binti yake. “Mwambie yule muuguzi wa kliniki amtazame vizuri. Mtu anayepungua kwa afya halali saa kumi alasiri na mdomo wazi.”

Kweli fundi alikuwa amechoka. Uchovu aliutia kwenye hesabu ya mafanikio: mwili unaohama kutoka ukubwa mmoja kwenda mwingine una haki ya kuchoka. Kitu alichoshindwa kukitia kwenye hesabu yoyote kilitokea juu ya meza yake, mchana mweupe, akiwa na mizani ya sonara.

Sonara wa mtaa wa pili alikuwa na mizani ya sahani mbili, ndogo, ndani ya sanduku la kioo, ambayo hata pumzi ya mtu huitikisa. Kila baada ya miezi mitatu aliileta ikaguliwe. Fundi aliiweka karibu na dirisha kama kawaida, akatandaza kitambaa, akavaa glovu. Mistari ya kipimo ilikuwa imeota kivuli. Alifuta kioo. Alifuta miwani. Alibadilisha balbu, akamlaumu aliyetengeneza balbu, kisha akamlaumu aliyetengeneza mchana. Mwishowe alikisia mahali ambapo mstari ulipaswa kuwapo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeifanya kazi hiyo mara mia, akafunga skrubu, akabandika lakiri, muhuri wake wa ukaguzi.

Siku mbili baadaye sonara alirudi amebeba sanduku lake la kioo kifuani.

“Fundi, sikiliza, sitaki tugombane.”

“Tugombane kwa nini?”

Sonara alitoa pete kwenye kikaratasi. “Hii pete ya marehemu baba naijua kuliko ninavyojijua. Ina gramu sita na robo. Mizani yako inasema sita na nusu.”

“Mizani ni yako.”

“Mizani ni yangu. Lakiri ni yako.”

Fundi aliitazama pete, akaitazama sindano, akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma. Aliona sindano mbili, na kila moja ilikuwa na hoja yake.

“Niachie,” alisema.

“Nikuachie mpaka lini? Nina harusi mbili mwezi huu.”

“Niachie tu, ndugu yangu.”

Sonara, aliyekuja akiwa amejiandaa kwa ubishi wa nusu saa, alishtushwa na upole huo kuliko alivyoshtushwa na kosa lenyewe. Aliiacha mizani, akaondoka akigeuka nyuma. Katika miaka thelathini na moja hakuna mizani iliyowahi kurudishwa katika karakana ile. Fundi aliifunika kwa kitambaa na kuiweka kwenye rafu ya juu, akakaa kwenye stuli, mikono juu ya magoti, asifanye lolote mpaka saa ya kufunga. Nyumbani hakusema kitu. Mkewe, aliyezoea watu wasiosema kitu, aliomba ruhusa kazini ili kesho yake amsindikize kliniki.

Mizani ya kliniki ilisoma themanini na nane nukta saba.

“Kilo nne kwa mwezi mmoja,” alisema muuguzi. “Hongera, baba.” Lakini alilisema taratibu, na kalamu yake ilibaki hewani. “Umefanyaje?”

“Nidhamu.”

“Mh,” alisema mkewe kutoka kwenye benchi la ukutani.

Muuguzi alimtoboa kidole, akagusisha tone kwenye kijiti, akasubiri. Mashine ilitoa namba. Aliitazama, akachukua kijiti kingine na kidole kingine, akarudia.

“Kumi na tisa nukta nane,” alisema. “Na sasa ishirini nukta moja.”

“Mwezi uliopita ilikuwa ngapi?” aliuliza mke.

“Nane na ushei.”

“Mashine yako imeharibika, Sista,” alisema fundi. Sauti yake ilikuwa na matumaini makubwa.

“Inawezekana. Tuiangalie.”

Fundi alikuwa amejiandaa kubisha, hakujiandaa kukubaliwa. Muuguzi alifungua kabati dogo la kona, akatoa kichupa kisichozidi kidole gumba.

“Haya ni maji ya majaribio. Sukari iliyomo imepimwa kiwandani na kuandikwa kwenye lebo. Tukitia tone hapa, mashine lazima isome kati ya namba hizi mbili. Isiposoma hivyo, ni mbovu na tunaitupa.”

Fundi alikishika kichupa kwa ncha za vidole, kwa uangalifu aliozoea kulipa jiwe la gramu moja.

“Hili ni jiwe la majaribio,” alisema.

“Tunaita maji.”

“Mwaka wa pili huu nakuja hapa. Kwa nini hukuniambia kwamba lipo?”

“Hukuniuliza, baba. Ulikuwa umelala chini ya mizani.”

Aliomba atie tone mwenyewe, akaruhusiwa. Alilitia kwa mkono usiotikisika hata kidogo. Kisha akakiinua kichupa asome namba mbili zilizoandikwa kwenye lebo. Alikisogeza karibu. Alikisogeza mbali. Alikwenda nacho dirishani, akakigeuza, akavua miwani, akaivaa tena. Mkewe aliacha kuchezea mkoba.

“Nisomee, Sista,” alisema hatimaye.

“Sita nukta moja mpaka nane nukta tatu.”

“Na mashine imesemaje?”

“Saba nukta mbili.”

Ilikuwa katikati kabisa. Kama ingekuwa mizani, angeigonga muhuri bila kuuliza jambo la pili. Alikirudisha kichupa mezani, akakisimamisha sawasawa, akakaa.

“Vidonge nimeacha,” alisema.

“Tangu lini?”

“Cha jioni wiki nne. Cha asubuhi wiki tatu.”

“Nani alikwambia uache?”

“Karatasi ya maelezo. Mstari wa kumi na tisa.”

Muuguzi alimgeukia mke, kana kwamba angepata msaada huko. Mke hakusema neno, hali ambayo kwa karani wa mahakama humaanisha kwamba ushahidi umetosha na kwamba hukumu itasomwa mahali pengine.

“Basi sikiliza, baba,” alisema muuguzi, akivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. “Kilo hizi nne hukuzipunguza. Sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii mwilini kufanya kazi. Mwili unaona njaa, kwa hiyo unajila wenyewe, mafuta na nyama pia. Sukari iliyobaki inatokea kwenye mkojo, na inatoka na maji yako. Ndiyo maana una kiu. Ndiyo maana unalala mchana. Na macho…”

“Macho nayajua,” alisema fundi.

Walimpeleka kwa daktari kabla ya zamu yake. Mkojo ulipimwa, akawekewa dripu, na siku nzima ikapita akiwa amelala kwenye kitanda chembamba akihesabu matone na kuyaona hayalingani. Mchana daktari alisimama miguuni pake akisoma kadi.

“Kidonge kile kweli huweza kuongeza uzito,” alisema. “Si kwa kila mtu. Ungeniuliza ningekubadilishia. Kipo kingine kisichoongeza.”

“Nilitaka kukuuliza, daktari.”

“Ikawaje?”

“Niliogopa ungenijibu.”

Daktari aliandika jambo refu kwa mwandiko wake. Fundi alingoja mpaka alipomaliza.

“Macho yatarudi?”

“Ukungu huu ni wa sukari kupanda. Ikishuka na kutulia, kwa kawaida huondoka, ingawa huchukua wiki kadhaa. Nimekuandikia upigwe picha ya jicho kwa ndani ili tuwe na hakika. Lakini upo ukungu mwingine, unaokuja kwa wale wanaorudia ulichofanya. Ule hauondoki.”

“Nimeelewa.”

“Sina hakika. Mama, ameelewa?”

“Nitamwelewesha,” alisema mkewe.

Alimwelewesha njiani, kwa sauti ya kawaida, bila kupandisha, na fundi angependelea mara elfu apandishe. Hakumuuliza kwa nini aliacha dawa. Alimuuliza tu, kila asubuhi alipokuwa akinywa yale maji mbele yake, alikuwa anamwonaje.

“Nilikuwa nakuona mtu mwenye haraka ya kwenda kazini,” alijibu fundi.

“Nilikuwa nachelewa kila siku nikikusubiri umeze. Wiki zote hizo jaji ananikaripia.”

“Bibie.”

“Usiniite bibie. Ulinifanya shahidi wa uongo, nami sijawahi hata kuchelewesha faili.”

Walipofika kwenye kona ya maduka mkewe alimshika mkono wa shati, kwa kuwa palikuwa na ngazi moja isiyoonekana vizuri, na hakuuachia baada ya ngazi.

Kesho yake kimashine kilitoka kwenye droo. Fundi alikuwa ameomba kichupa cha maji ya majaribio, na kwa wiki ya kwanza alikipima kimashine kwanza ndipo akajipima yeye, mpaka mkewe alipomwonyesha kwamba vijiti vilikuwa vinatumika zaidi kwa maji kuliko kwa damu. Wakaafikiana mara moja kwa wiki. Namba aliziandika ukutani, kwenye karatasi yenye mistari, karibu na kalenda. Vidonge vipya alimeza akiwa amefungua mdomo ili ukaguzi ufanyike, na karani aliukagua bila aibu yoyote, akiinua taa ya simu.

“Ulimi juu.”

“Nimemeza.”

“Ulimi juu, baba watoto. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kisichofunguliwa hakikaguliki.”

Namba zilishuka: kumi na nne, kumi na moja, tisa, nane. Na uzito ulipanda. Mwezi uliofuata mizani ya kliniki ilisoma tisini na moja kamili, na muuguzi alisema vizuri sana kwa uso wa mtu anayemaanisha. Maji yamerudi, alimweleza, na nyama kidogo. Sasa ndipo wataanza kupunguza, gramu mia sita au mia saba kwa mwezi, kwa kula na kutembea, na atakapoziona gramu hizo zimetoka basi ajue zimetoka kwa ridhaa. Fundi aliuliza kama angeweza kupewa maandishi kwamba kuongezeka huku kulikuwa mafanikio, kwa ajili ya wachinjaji. Hakupewa.

Kazi za wachinjaji na posta aliendelea nazo, kwa kuwa mizani zao zina alama nene. Mizani ya sonara hakuigusa. Ilikaa kwenye rafu ya juu chini ya kitambaa, na kila Jumatatu aliishusha, akaiweka dirishani, akatazama bila kushika bisibisi, akairudisha. Sonara alikuja mara tatu kuiulizia. Harusi zote mbili zilipita akitumia mizani ya kuazima, akilalamika kwamba inamfanya atoe jasho.

Wiki ya saba, saa nne asubuhi, fundi aliiweka dirishani na mistari ikawa imesimama, mmoja mmoja, myembamba, kila mmoja mahali pake na nafasi safi katikati. Alihesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, na alichukua muda mrefu kuifuta. Halafu akavaa glovu, akavunja lakiri yake mwenyewe, akaanza upya.

Sonara aliitwa. Alikuja na pete ya marehemu baba yake kwenye kikaratasi kilekile, akaitua sahanini, akarudi hatua moja ili pumzi yake isiharibu.

“Soma wewe,” alisema.

Fundi aliinama. “Sita na robo. Imezidi kwa chembe.”

“Chembe gani?”

“Hujaisafisha.”

Sonara aliisugua pete kwenye shati, akaiweka tena. Fundi aliisoma tena, na safari hii hakutaja chembe. Sonara mwenyewe aliinama akasoma, akainama mara ya pili, kisha akaanza kufunga sanduku lake la kioo kwa uangalifu wa mtu anayembeba mgonjwa.

“Na wewe umerudisha mwili,” alisema. “Pole. Watu walikuwa wanakusifia mtaa mzima.”

“Kilo mbili na gramu mia tatu.”

“Kwa hiyo dawa zimeshindwa.”

“Hapana. Daktari amefurahi. Muuguzi pia. Mke wangu amefurahi tangu juzi.”

Sonara alimtazama kwa muda, akapima iwapo fundi alikuwa anatania, akashindwa kusoma chochote, kwa kuwa uso ule haukuwa na mistari. Akalinyanyua sanduku kwa mikono yake miwili, akasukuma mlango kwa kiwiko na kutoka nalo, akiwa na haraka ya kulifikisha dukani kabla fundi hajaanza kueleza.